Siku Moja ya Maji Katika Kisiwa cha Bali

Jua lilikuwa halijapanda bado nilipotoka kwenda pwani ya Sanur, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Bali, na jambo la kwanza lililonikabili katika nuru ile hafifu lilikuwa safu ya vyombo vilivyolazwa mchangani, kila kimoja na mwili wake mwembamba, matengo yake mawili yaliyotandazwa huku na huku kama mbawa, na tanga lake la pembetatu lililokunjwa, hata moyo wangu ukashtuka kwa furaha, maana kwa muda wa dakika nzima nilijiona nimeamka Nungwi au Tanga. Wenyewe huviita jukung. Sisi tungeviita ngalawa, wala sidhani kama angetokea mvuvi wa Pemba wa kutusahihisha. Wengi wa wenye elimu ya mambo ya kale husadiki kwamba chombo chenye matengo kiliwafikia wazee wetu kutoka visiwa vile vya mashariki, katika zama za mabaharia wale walioivuka Bahari ya Hindi na kufanya maskani Bukini, ambako hata leo lugha inayosemwa ni ndugu ya lugha za Borneo. Nilikuwa nimesafiri mbali sana kumbe nimekwenda kumtembelea jamaa.

Kijana aliyekuja kunichukua kwa gari, ambaye ndiye angekuwa kiongozi wangu kutwa nzima, aliniamkia kwa kuniita Pak, yaani baba, akaniuliza apa kabar, na neno lile la pili halikuhitaji mkalimani, kwa kuwa ni habari yetu wenyewe iliyopitia bandari nyingine. Nami nikamwita Bli, ambalo kwa Kibali ni kaka. Tulipokuwa tukingojea kahawa tukaanza kutafuta maneno mengine ya undugu, tukaona kuwa Waindonesia huweka chakula juu ya meja kama sisi tuwekavyo juu ya meza, hupandisha bendera neno kwa neno kama yetu, hula nanas, huandika juu ya kertas, huhesabu waktu, huusiana sabar, na wote tunaishi katika dunia moja isiyobadilika hata herufi. Baadhi ya maneno hayo tuliachiwa sote na Wareno, na yaliyosalia tulipewa sote na Waarabu, na bahari ndiyo iliyokuwa karani wa mirathi hiyo.

Karatasi ya ratiba niliyopewa na wakala wa safari ilipanga mambo matatu chini ya vichwa vitatu: wanyama asubuhi, mto adhuhuri, hekalu jioni, kila kichwa na saa zake, kana kwamba mtu anaweza kuyanunua mawili na kuliacha la tatu dukani. Safari za kutwa za namna hii hudharauliwa na wasafiri wenye nafasi, nao wana hoja, kwa kuwa macho hushiba upesi na miguu huharakishwa. Lakini siku yangu ile ilinifaidia kwa sababu moja ambayo mpangaji wake pengine hakuikusudia, nayo ni kuwa ilianzia baharini, karibu na mahali mto Ayung unapoishia, ikapanda kidogo kidogo kuelekea milimani yanakotoka maji, na kadiri tulivyopanda ndivyo vile vichwa vitatu vilivyozidi kukaribiana, hata ikawa siwezi tena kusema ni wapi mto umekoma na hekalu limeanza.

Bali si kisiwa kikubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 5,780, zaidi kidogo ya mara mbili ya Unguja na Pemba kwa pamoja, na wakazi wake wamepita 4,000,000, ambao walio wengi ni Wahindu ndani ya taifa ambalo Waislamu ndio walio wengi mno. Katikati yake imesimama milima ya volkano, ukiwamo Agung uliopita mita 3,000, na katika shimo kubwa la volkano ya Batur limetuama ziwa ambalo hakuna mto hata mmoja unaotoka kwake juu ya ardhi. Wabali huamini kuwa ziwa hilo, lenye mlinzi wake Dewi Danu, mungu wa kike wa maji, ndilo asili ya kila chemchemi na kila mto wa upande ule wa kisiwa. Na mtu akikumbuka kuwa jiwe la volkano hupitisha maji kama chujio, ataona kuwa imani hiyo haikai mbali na elimu ya ardhi.

Tulifika kwanza katika msitu mtakatifu wa tumbili wa Padangtegal, ukingoni mwa mji wa Ubud. Eneo lake halizidi sana hekta 12, lakini ndani yake wanaishi tumbili zaidi ya 1,000 wa jinsi ile yenye mkia mrefu na uso wa masharubu, na kati yao yamesimama mahekalu matatu ambayo hunasibishwa na karne ya 14: moja kubwa la wafu, moja la chemchemi ya kujitakasia, na la tatu lililo kando ya makaburi, ambamo maiti hulazwa kwa muda hadi kijiji kitakapokusanya uwezo wa kuwachoma wote kwa pamoja kwa taadhima inayowastahili. Msitu ni mali ya kijiji, na kijiji ndicho kinachouendesha. Miti mikubwa ya jamii ya mkuyu imeteremsha mizizi yake kutoka matawini hadi bondeni, sanamu za mawe zimeota kuvu la kijani, na baadhi yake zimefungwa viunoni kitambaa cha miraba myeupe na myeusi, ishara ya kuwa heri na shari zimefumwa katika nguo moja wala hakuna awezaye kuuchomoa uzi mmoja bila kuichana yote.

Tumbili wa mahali pale hawamwogopi binadamu, na jambo hilo huwafurahisha wageni kupita kiasi. Bli aliniusia nisiwatazame machoni, nisiwaoneshe meno hata kwa kucheka, kwa kuwa kwao meno ni vita, wala nisifiche kitu mfukoni; akaniambia pia nivue miwani nitakapokwenda Uluwatu, hekalu la jabalini kusini mwa kisiwa, ambako tumbili hunyang'anya wageni mali zao na kuzishikilia mpaka wapewe chakula. Mwaka 2021 wataalamu waliokuwa wakiwachunguza tumbili hao wa Uluwatu walitangaza kuwa wale wakubwa kwa umri wamejifunza hata kutofautisha thamani, wakachagua kunyakua simu na miwani, ambavyo mwenyewe atavikomboa kwa malipo mema, kuliko kofia au kiatu. Nilikaa kitako mbali kidogo nikamtazama mama mmoja akimchambua mwanawe manyoya kwa subira, huku nyuma yake mwanamke wa kijiji akiweka sadaka ya maua juu ya jiwe. Hakuna aliyemsumbua mwenziwe.

Ratiba ilikuwa na nafasi nyingine ya wanyama, nayo ni kupanda tembo, nami niliomba iondolewe, na hapa nitasema waziwazi ninavyoamini. Tembo si mnyama wa Bali. Wale waliokuwa wakipandishwa watalii walitoka Sumatra, nao ni wa jinsi iliyo katika hatari kubwa ya kutoweka. Mimi natoka nchi ambayo tembo hutembea kwa hiari yake Ruaha na Tarangire, na baada ya kumwona katika hali hiyo siwezi kumkalia mgongoni akiwa amefungwa kiti. Hali kadhalika nilikataa kusimama penye vizimba vya luwak, mnyama wa jamaa moja na fungo wetu, ambaye hulishwa buni ili kinyesi chake kiuzwe kama kahawa ya anasa. Kisiwa hiki kimekwisha kupoteza chui milia wake, ambaye wa mwisho aliyethibitishwa aliuawa mwaka 1937, na msafiri anayelipia kizimba anapaswa kulikumbuka hilo.

Saa sita kasorobo tukawa juu ya bonde la Ayung, mto mrefu kupita yote kisiwani. Kutoka barabarani hadi majini kuna ngazi mamia kwa mamia, nyembamba na zenye utelezi, na kila aliyezishuka akiwa amevaa jaketi la kujiokolea na kofia ngumu, kafi begani, amekwisha kujua kabla ya kufika chini kuwa mto huu umejichimbia kaburi refu. Boti yetu ya mpira ilichukua watu watano na nahodha wake, mtu mfupi mwenye mabega ya mwashi, aliyekaa nyuma na kutuamuru kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Ayung si mto wa kutisha; ukali wa maji yake umewekwa katika daraja ya pili na ya tatu kwa kipimo chenye madaraja sita, na wakati wa kiangazi hata mtoto mkubwa anaweza kuusafiri; ila masika yao, kuanzia Novemba hadi Machi, maji huvimba na kubadilika rangi, na nahodha mwenye busara huitazama mbingu ya milimani kabla ya kuifungua kamba.

Tulipokwisha kusukumwa, ulimwengu wa barabara ukafungwa kama mlango. Mkondo ulitubeba taratibu, kisha ukasita, kisha ukakusanya nguvu zake kati ya majabali mawili na kututupa chini kwa kishindo, boti ikajikunja na kujikunjua, maji baridi yakatupiga usoni, makafi yakagongana, na kabla hatujamaliza kupiga kelele tulikuwa tena katika kidimbwi kilichotulia, tukizunguka polepole kama jani. Kuta za bonde zilisimama pande zote mbili, jiwe laini la majivu ya volkano lililovikwa madole na kangaga, na juu yake minazi iliyoinama. Maporomoko membamba yaliteremka kutoka juu moja kwa moja hadi mtoni. Mdiria alipita mbele yetu, rangi ya samawati iliyokatika ghafula, na kenge mmoja aliyekuwa akiota jua juu ya jabali alitungoja tukaribie ndipo akateleza majini bila haraka.

Nilimwuliza nahodha maji yale yaliyokuwa yakidondoka kutoka juu yalikuwa ya kijito gani. Akanijibu kuwa hayakuwa ya kijito. Yalikuwa ya mashamba. "Mto unaouona ni masalio," akasema. "Mengine yamekwisha kupanda kwenda kwa mpunga." Neno hilo lilinikalia moyoni kuliko mawimbi yote, kwa maana lilinionesha kwamba kile kilichokuwa raha yangu ndicho kilichokuwa taabu ya mkulima tangu zama za kale: mto umezama mno chini ya mashamba, na mtu wa juu hawezi kuuchota. Ikawalazimu wazee wa Bali kuyakamata maji mbali huko juu, kwa mabwawa madogo ya mawe na magogo, na kuyapitisha ndani ya milima kwa mahandaki yaliyochongwa kwa mkono, hata maandishi ya kale ya kisiwani tangu karne ya 9 yanawataja mafundi wa kazi hiyo. Wakati sisi tukipiga makafi bondeni, maji ya mto uo huo yalikuwa yakitembea juu ya vichwa vyetu, kimya, kutoka tuta hadi tuta, yakamaliza kazi yake na kuturudia kwa maporomoko.

Mpango wa kuyagawa maji hayo huitwa subak, na mwaka 2012 UNESCO iliitia mandhari yake katika orodha ya urithi wa dunia. Subak ni jamaa ya wakulima wote wanaokunywa maji ya mfereji mmoja. Penye njia panda ya mfereji hulazwa gogo lililochongwa pengo, liitwalo tembuku, na upana wa pengo ndio haki ya mtu, inayoonekana kwa macho na kila jirani. Na juu ya kila subak lipo hekalu lake, na juu ya mahekalu madogo yapo makubwa, hadi kufikia lile la Ulun Danu Batur, ambalo baada ya mlipuko wa mwaka 1926 kuangamiza kijiji chake lilijengwa upya juu ya ukingo wa shimo la volkano, na hapo ndipo wakulima hupeleka hidaya na mashauri yao.

Mgeni anaweza kuyaona hayo kuwa ibada tu, na wako wenye elimu kubwa walioyaona hivyo. Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia, kwa nia njema ya kuondoa upungufu wa chakula, iliwahimiza wakulima wapande mbegu mpya zinazokomaa upesi, wapande mara nyingi kadiri wawezavyo bila kungojea kalenda ya mahekalu, na watie mbolea na dawa za viwandani. Mavuno yakaongezeka mwanzoni. Kisha maji yakapotea utaratibu, na wadudu na maradhi ya mpunga, ambayo zamani yalikufa kwa kukosa riziki kila mashamba yalipopumzishwa kwa wakati mmoja, sasa yakawa hayakosi shamba bichi la kuhamia. Mwanazuoni wa Kimarekani J. Stephen Lansing, aliyekaa na wakulima hao na kuwasikiliza, alishirikiana na mwenziwe James Kremer kuyahesabu mambo hayo kwa kompyuta, wakakuta kuwa kalenda ya makuhani ilikuwa karibu sana na hesabu iliyo bora kabisa. Mkulima wa juu, ambaye angeweza kuyanywa maji yote peke yake, humpa wa chini haki yake, kwa sababu wa chini akinyimwa atapanda kwa wakati mwingine, na wadudu watakaolelewa katika shamba lake watapanda mlima kumfuata aliyemnyima. Hekalu ndilo lililoishika mizani hiyo kwa karne nyingi, wala si kwa hofu ya miungu peke yake, bali kwa kumwonesha kila mtu kwamba uhai wake umo mkononi mwa jirani.

Niliposikia hayo nilikumbuka maji ya kwetu. Pale Jinja nchini Uganda, ambako wasafiri kutoka pembe zote za dunia huenda kuteremka mto Nile kwa boti za mpira, maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga waliyaheshimu kuwa maskani ya mzimu wenye jina hilo hilo, yalifunikwa na bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012, mwaka ule ule ambao mashamba ya Bali yalitiwa katika orodha ya dunia. Umeme una haja yake, wala mimi sisemi watu wakae gizani. Nasema tu kwamba walioipima faida ya maji yale walijua kuhesabu megawati, na waliokuwa na hesabu nyingine juu ya mto huo walistahili kusikilizwa kwa kirefu zaidi. Wala Bali yenyewe haijasalimika. Kandokando ya barabara ya Ubud niliona matuta ya mpunga yaliyokwisha kuzungushiwa ukuta na kuwa nyumba za wageni, kila moja na birika lake la kuogelea, na mfereji uliokuwa ukinywesha jamaa nzima umeishia katika zege. Nami ni mgeni, na sehemu ya lawama hiyo ni yangu.

Tulipanda ngazi nyingine, tukala wali na samaki, na alasiri tukafika Tampaksiring, kwenye hekalu la Tirta Empul, ambalo maandishi ya kale hulirudisha hadi mwaka 962. Juu ya kilima, palipotazamana nalo, ipo ikulu iliyojengwa kuanzia mwaka 1957 kwa ajili ya Rais Sukarno, ambaye mama yake alikuwa Mbali, na ambaye miaka miwili kabla ya hapo aliwapokea wajumbe wa Asia na Afrika katika mkutano wa Bandung. Nilifunga kitambaa kiunoni na ukanda juu yake, kama ilivyo amri kwa kila aingiaye, na kwa mtu aliyezoea kikoi hapakuwa na ugeni wowote. Ndani ya hekalu kuna dimbwi ambalo maji yake hayapatikani kwa kusimuliwa: ni maangavu kiasi cha kuonekana hayapo, na chini yake mchanga mweusi unafukuta na kutoa mawingu madogo mahali chemchemi inaposukuma, bila sauti. Kutoka hapo maji hupita chini ya ukuta na kumwagika kwa mirija ya mawe katika mabirika, ambamo watu husimama kwa safu, maji yakiwafika kiunoni, na kila mmoja hufika penye mrija, huinamisha kichwa, hunywa, huosha uso, na kusogea kwenye unaofuata. Baadhi ya mirija walio hai huiruka, kwa kuwa ni ya kuwatakasia wafu.

Mimi si wa dini yao, na sikuingia majini. Nilikaa kando, penye vikapu vidogo vya makuti machanga vyenye maua na ubani, nikasikia fungu la maneno yao na sauti ya maji vikichanganyika, na mtu aliyekulia penye birika la udhu mlangoni mwa msikiti hahitaji kufundishwa kwa nini maji hutangulia. Maji hayo yakitoka hekaluni huingia mto Pakerisan, hupita mbele ya mahekalu ya ukumbusho wa wafalme ya Gunung Kawi yaliyochongwa katika jabali karne ya 11, kisha hugawanywa kwa mapengo ya magogo na kuwa mpunga.

Bli alikuwa amekwenda kuoga. Aliporudi, nywele zikiwa bado zinadondoka maji, alikuwa na chupa ndogo aliyoijaza, nayo hakuitia ndani ya mfuko wala nyuma ya gari, bali aliikalisha mbele, juu ya kitambaa safi, akaendesha polepole kuliko asubuhi. Giza lilikuwa likiingia. Nusu ya njia akaniomba ruhusa kwa adabu asimame kidogo, akaegesha kando ya mashamba, akavua viatu, nami nikamfuata juu ya tuta jembamba hadi mahali mfereji ulipogawanyika, penye kibanda cha mianzi cha sadaka kilichoinuliwa juu ya miti. Baba yake hulima hapo, akaniambia, na kesho wanafungulia maji kwa ajili ya kupanda. Alichutama, akaimimina ile chupa polepole mahali maji yaingiapo shambani, akasema maneno machache ambayo sikuyaelewa, kisha akanyoosha mkono akaondoa majani yaliyokuwa yamekwama katika pengo la gogo, maji yakapita.